Daftari la Baba Halikuwa na Kabila

Sisi mabinti wa mkulima wa pareto wa Molo hatutanyamaza. Kenya iliongoza ulimwengu kwa zao hilo, nasi tuliyachuma maua yake tangu utotoni. Lakini malipo yalikawia hata karo ikakosekana. Ndipo marehemu baba alipoanza kuwaita majirani uani kwetu kila jioni: Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii. Aliandika katika daftari jina la kila mmoja, kilo alizopeleka na fedha anazodai. Kabila hakuliandika.

Wakubwa waliliogopa daftari hilo kuliko panga. Mkulima mmoja akidai, hufukuzwa mlangoni. Mia wakidai, huitwa wachochezi.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa, vyama vingi vikaruhusiwa. Mwaka 1992 Molo ikawaka moto. Waliodai pamoja wakakimbiana. Wengine walilala makanisani, huku Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru akikemea hadharani. Ulipozuka tena baada ya uchaguzi wa 2007, tuliutambua moto ule ule. Twauliza: nani alifaidika? Si mkulima wa kabila lolote. Deni lilibaki, wadai wakatawanyika.

Ahabu alipolitamani shamba la Nabothi, walitafutwa mashahidi wa uongo. Akina Ahabu wa zama zetu hutafuta kabila.

Kura isiyo na umoja wa wakulima ni debe tupu: huvuma, halishibishi mtu. Waumini na wanaharakati, lifungueni daftari upya katika kila kijiji. Andikeni deni, msiandike kabila.