Kabla ya Kusema "Uzembe wa Mfanyakazi"



Wapendwa waamini, ajali inapotokea kiwandani, neno la kwanza kusikika ni "uzembe". Ni neno jepesi, nalo aghalabu humwangukia marehemu asiyeweza kujitetea. Juma hili tunapenda kusema wazi kwamba neno hilo hutumika mapema mno.

Tutazame Bhopal, nchini India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi la kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide, na tani zipatazo 40 za gesi ya methili isosayaneti zikautandia mji uliolala. Maelfu ya watu walikufa. Kampuni ilishikilia kwamba mfanyakazi mmoja mwenye kinyongo ndiye aliyetia maji yale kwa makusudi.

Hata tukilikubali dai hilo kwa ajili ya hoja tu, bado tunauliza: ni nani aliyezima mtambo wa kupoza tangi miezi kadhaa kabla? Mnara wa kuunguzia gesi haukuwa ukifanya kazi, maana kipande cha bomba lake kilikuwa kimeondolewa kwa matengenezo. Idadi ya waendeshaji wa kitengo kile katika kila zamu ilikuwa imepunguzwa kutoka 12 hadi 6. Miongozo ya kazi iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawakuimudu. Tena vipimo vilikuwa vimedanganya mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeviamini. Wafanyakazi walitambua uvujaji kwa macho yao kutoa machozi. Usiku ule waliutambua hivyo hivyo, ikaamuliwa ushughulikiwe baada ya chai. Anayeishia kuwalaumu kwa chai ile hajaelewa kwamba katika kiwanda kile macho kuwasha lilikuwa jambo la kila siku.

Mashine nayo huweza kumpotosha mtu makini. Katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, taa mezani ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga vali imetumwa, wala si kwamba vali imefungwa. Ilikuwa wazi. Ving'ora zaidi ya 100 vikalia, na waendeshaji, wakiamini maji yamezidi, wakapunguza maji ya kupoza yaliyokuwa yakihitajika sana. Walikuwa watu waliofunzwa.

Tena angalieni saa. Three Mile Island ilikuwa saa kumi alfajiri, Bhopal usiku wa manane, na Chernobyl, mwaka 1986, saa saba na dakika ishirini na tatu usiku. Mwili wa mwanadamu umeumbwa kulala saa hizo. Anayekesha zamu ya usiku hurudi nyumbani kulala mchana chini ya bati la moto, watoto wakicheza dirishani na redio ya jirani ikinguruma, kisha jioni anatarajiwa kusoma vipimo bila kukosea. (Ndiyo maana tunaziomba jumuiya ndogondogo zisimwandikie utoro mtu wa zamu asiyefika kwenye sala ya asubuhi. Mwacheni alale.)

Posho ya uzalishaji, woga wa kufukuzwa na mkataba wa kibarua navyo vina nguvu yake: mtu akijua kwamba kusimamisha mtambo kutamnyima mkate, atanyamaza hata anaposikia harufu. Wako watakaosema kwamba mafunzo zaidi yatatosha. Mafunzo ni mema, lakini hayaongezi usingizi wala hayarekebishi kipimo kibovu. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alimweka mfanyakazi mbele ya mtaji. Tukilipeleka fundisho hilo kiwandani, swali la kwanza baada ya ajali litahusu mazingira aliyowekewa mtu, na swali la kosa lake litafuata.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawatambua wawakilishi wa usalama miongoni mwa wafanyakazi wenyewe. Ninyi mnaofanya kazi viwandani, mnamfahamu wa kwenu? Na ni lini mara ya mwisho neno lake lilipousimamisha mtambo?