MFALME AKICHUNGULIA DIRISHANI KWAKO, ATAONA NINI?



Jumapili iliyopita hukuniona madhabahuni hapa Gakoromone. Mzee wa kanisa ndiye aliyehubiri, na nimesikia alihubiri vizuri kuliko mimi. Mama Mchungaji naye hakuwa kwenye kiti chake. Kufikia Jumatatu jioni simu yangu ilikuwa imejaa jumbe. Wengine waliuliza kama tuna mgonjwa. Wengine waliuliza kama tumefiwa. Mmoja alinijia wazi, na ninamshukuru kwa ukweli wake: "Mchungaji, ni kweli umeacha kondoo ukaenda Arusha kustarehe na mke?"

Ndiyo, ni kweli. Tulitoka Ijumaa alfajiri tukarudi Jumatatu. Kwa kuwa wengi mnaniuliza kichinichini, leo nakujibu hadharani, maana naamini jambo hili linaigusa nyumba yako pia.

Kwanza pesa, kwa sababu najua ndiyo swali ambalo hukutaka kuniuliza. Haikuwa sadaka. Mwaka jana tuliweka mkebe chini ya kitanda tukakubaliana shilingi 500 kila wiki. Wiki 52 zikatupa 26,000. Zikatosha nauli ya kwenda na kurudi, chumba cha kawaida, chakula, na kitenge kimoja cha Mama.

Sasa nikueleze kwa nini.

Tumeoana miaka kumi na tisa. Siku moja niliketi nikahesabu safari zote nilizosafiri na mke wangu. Nikakumbuka mazishi, harusi za washirika, mikutano ya injili, makongamano ya wachungaji, na kuwapeleka watoto shule. Sikupata hata safari moja ambayo tuliifunga kwa sababu yangu mimi na yeye tu. Hata nyumbani ananiita "Mchungaji". Mimi nami namwita "Mama". Mpendwa, hebu weka simu chini kidogo uhesabu zako.

Ijumaa hiyo tulipanda matatu ya Nairobi saa kumi na moja alfajiri, wakati akina mama wa soko letu wanashusha ndizi na kabeji. Nairobi tukapanda gari la Namanga. Kutoka Meru hadi Arusha ni karibu kilomita 500, kwa hiyo kulikuwa na muda mrefu wa kuzungumza. Unajua tulizungumza nini? Karo, paa la kanisa, na ugomvi wa kwaya. Tulipofika Namanga tulikuwa tumemaliza ajenda zote, tukanyamaza. Mambo ya kazi yakiisha, sisi wawili hatukuwa na la kuambiana. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Arusha tulifika jioni. Kijana wa mapokezi akatuamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee, shikamoo mama, karibuni sana." Kisha akauliza, "Mtahitaji chumba kimoja au viwili?"

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Lakini yule kijana hakukosea. Mimi niliingia nimetangulia na begi langu, simu iko sikioni, na yeye akaja hatua kumi nyuma na begi lake. Kijana alisema alichokiona.

Usiku ule Roho Mtakatifu alinikumbusha Mwanzo sura ya 26. Isaka na Rebeka nao walikuwa katika mji wa kigeni, Gerari, nchi ya Wafilisti. Hawakwenda kutembea, njaa ndiyo iliyowapeleka. Isaka akaogopa watu wa mji, akasema Rebeka ni dada yake. Wakakaa huko siku nyingi na uongo ule ukashika. Kisha siku moja, mstari wa 8, mfalme Abimeleki akachungulia dirishani akamwona Isaka akifurahi na Rebeka. Hapo hapo akajua: huyu si dada, huyu ni mke. Hakuonyeshwa cheti. Hakuletewa shahidi. Furaha ya wale wawili ilitosha.

Mtu wa Mungu, Isaka alidanganya kwa mdomo, lakini furaha yake ikasema ukweli. Wengi wetu tuko kinyume chake. Kwa mdomo tunasema "huyu ni mke wangu, huyu ni mume wangu," na cheti kiko kwenye sanduku, lakini mfalme akichungulia dirishani ataona ndugu wawili wanaolea watoto. Ataona washirika wawili wa biashara. Ataona mtu na mpishi wake.

Jumamosi tulizunguka mjini kwa miguu. Tulifika Mnara wa Saa. Tuliingia sokoni. Mama akagundua jambo ambalo mimi sikuliona. Sisi Wakenya tukiingia hotelini tunasema, "Nipe chai." Wenzetu Watanzania wanasema, "Naomba chai." Akaniambia, "Sikia, hawa wanaomba hata kitu wanacholipia." Akatembea kidogo, kisha akaongeza polepole, "Wewe nyumbani hujawahi kuniambia naomba." Nilitafuta jibu kuanzia pale sokoni mpaka chumbani. Sikulipata.

Jioni tuliketi nje. Mawingu yakafunguka tukauona mlima wao, na mlima huo unaitwa Meru, kama kwetu. Una zaidi ya mita 4,500 kwenda juu. Mama mmoja aliyekuwa akituhudumia akasema yeye ni Mmeru. Nikafurahi kama mtu aliyekutana na shangazi yake, nikamwamkia, "Muga!" Akanitazama tu. Kumbe Wameru wa kule wana lugha yao, karibu na Kichaga, na si ile yetu. Jina ni moja, lugha ni mbili. Tukacheka sote watatu, tukarudi kwenye Kiswahili.

Alipoondoka, Mama akaacha kucheka. Akasema, "Hata sisi tuna jina moja."

Nikamwuliza ana maana gani. Sasa nakuandikia alichonijibu, na amenipa ruhusa nikuandikie, maana alisema kuna mwanamke anayehitaji kukisikia. Alisema, "Mama yangu alipofariki, nilikuwa na mchungaji. Sikuwa na mume."

Mamake alilala miaka miwili iliyopita. Ibada niliongoza mimi. Nilihubiri, watu wakaokoka pale kaburini, nikasifiwa sana. Nilipanga hema, viti na magari. Tukarudi nyumbani, na Jumatano iliyofuata nikawa kwenye kesha. Sikuwahi kuketi na mke wangu nikamwuliza, "Unaendeleaje bila mama?" Hata mara moja. Kwa miaka miwili amekuwa akilia jikoni maji yakiwa wazi kwenye sinki, ili mimi nisisikie nikiandaa mahubiri ya faraja.

Nilifungua mdomo nimpe mstari. Akaweka mkono juu ya mkono wangu akasema, "Leo usinihubirie." Nikanyamaza. Akanisimulia habari za mamake mpaka usiku, mambo ambayo sikuwahi kuyajua kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ikawa kusikiliza na kulia pamoja naye.

Baadaye nikasoma Mwanzo 24:67. Isaka alimwingiza Rebeka katika hema ya mamake, akampenda, akapata faraja baada ya kifo cha mamake. Mstari huo nimeuhubiri kwenye harusi zisizohesabika. Rebeka alimfariji mumewe aliyefiwa na mama. Mimi nilimzika mama wa mke wangu, kisha nikaenda keshani.

Ndiyo maana sitaomba msamaha kwa Jumapili ile. Jumapili hiyo tuliingia kanisa moja la Arusha tukaketi nyuma kabisa. Hakuna aliyetujua. Kwa miaka mingi hatukuwahi kuketi benchi moja ibadani. Mimi huwa mbele, yeye na akina mama. Tulipoimba nilimsikia sauti yake karibu na sikio langu. Nilikuwa nimeisahau.

Kuna atakayesema starehe kama hizi ni mambo ya dunia. Nakuomba usome Kumbukumbu la Torati 24:5. Mungu wa Israeli, taifa lililozungukwa na adui, aliamuru mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani wala asibebeshwe shughuli, akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe. Jeshi lilimkosa, na Mungu aliona ni sawa. Basi madhabahu ya Gakoromone ikinikosa Jumapili moja, haitaanguka. Na 1 Timotheo 3:5 inaniuliza mimi mchungaji: nikishindwa kutunza nyumba yangu, nitalitunzaje kanisa la Mungu?

Mwingine atasema, "Mchungaji, mimi nauza sukuma wiki Gakoromone, Arusha nitaendaje?" Mama, nakuelewa. Si lazima iwe Arusha. Inaweza kuwa Nanyuki au Isiolo, asubuhi hadi jioni. Lakini nakusisitizia jambo moja: tokeni. Mkibaki nyumbani wewe mama utapika, wewe baba utaitwa, jirani atabisha, na siku itaisha. Tena fikiria hili: vitunguu vya Tanzania vinavuka Namanga vinafika masoko yetu kila wiki. Vitunguu vinasafiri kuliko ndoa zetu.

Naomba pia nikuonye, ili mtu asiharibikiwe kwa neno langu.

Usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya safari. Furaha ya siku mbili ikileta deni la miezi sita, mtarudi kugombana. Anza mkebe wako, hata kwa shilingi 50.

Usiende ili upige picha za kuonyesha watu. Sisi hatukuweka hata moja.

Ninyi ambao hamjaoana, neno hili linawasubiri upande wa pili wa harusi. Nendeni kwanza kwa wazazi na kwa mchungaji.

Na kama nyumbani kwako kuna kupigwa, dada yangu, siongei na wewe kuhusu safari. Usikubali kupelekwa mbali na watu wako na mtu anayekuumiza. Kaa salama kwanza, umwambie mtu, utafute msaada. Mlango wetu uko wazi.

Wanaotaka kuvuka mpaka, jipangeni mapema. Uganda na Rwanda Mkenya anaingia kwa kitambulisho cha taifa. Sisi kwa Tanzania tulibeba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ulizeni afisi ya uhamiaji kabla ya kufunga begi.

Nimalizie na mpaka huo. Wazee mnakumbuka kwamba mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa miaka sita ndugu wa Namanga walitazamana ng'ambo hii na ng'ambo ile. Lakini watu waliketi wakazungumza, na tarehe 30 Novemba 1999, pale pale Arusha, Kenya, Uganda na Tanzania zikatia sahihi mkataba mpya wa Jumuiya. Leo ukifika Namanga, maafisa wa nchi zote mbili wako ndani ya jengo moja. Unagongewa mhuri hapa, unasogea hatua chache, unagongewa mwingine.

Mpendwa, kuna mpaka uliofungwa kitandani kwako. Pengine ulifungwa siku ya mazishi fulani, au siku ya neno fulani, na hakuna aliyetangaza. Mnalala ng'ambo hii na ng'ambo ile. Mataifa yalifungua. Wewe na mwenzako mnashindwaje, na Roho wa Mungu yumo ndani yenu?

Tulirudi Jumatatu usiku tumechoka, miguu imevimba. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimepona. Jana tumegombana juu ya bili ya maji. Lakini leo asubuhi nilisema, "Naomba chai," na yule aliyekuwa jikoni akaitika kwa kuniita jina langu la ujana, lile alilolitumia kabla sijawekewa mikono ya uchungaji. Sikumbuki mara ya mwisho kulisikia kinywani mwake.

Tuombe. Bwana, rehemu nyumba zetu. Tusamehe sisi tuliofariji kijiji kizima tukawasahau walio mezani kwetu. Fungua mipaka tuliyoifunga. Mfalme akichungulia dirishani, na aone mume na mke. Katika jina la Yesu. Amina.

Leo usiandike Amina hapa chini. Nenda ukamwulize mwenzako swali moja ambalo hujamwuliza kwa miaka miwili. Kisha nyamaza, usikilize.

Mchungaji wako, Gakoromone.