Mchezo wa Kununua na Mchezo wa Bure: Upi Ghali?

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wa mwaka wa pili aligonga mlango wa ofisi yangu. Baada ya shikamoo na marahaba, nilitegemea ombi la kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi. Badala yake aliniuliza: "Dokta, hivi ni busara mtu kutoa fedha kununua mchezo wa pool wa kompyuta?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba sehemu kubwa ya bumu la muhula uliopita iliishia katika mchezo wa pool wa simu, mchezo alioupakua bure. Alikuwa anadaiwa kodi ya chumba. Rafiki yake alimshauri aachane nao na anunue ule wa kulipia, unaofanana na meza halisi. Aliogopa asije akakimbia majivu akakanyaga moto.

Ndugu msomaji, swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Katika nchi yetu pool ina sifa mbaya. Serikali ya awamu ya tano ilipoingia na kaulimbiu ya "Hapa Kazi Tu", kijana anayecheza pool asubuhi alikuwa mfano wa uzembe uliotajwa mara kwa mara. Lakini ni nchi hii hii ambayo vyuo vyake vya elimu ya juu viliwahi kushindana katika mchezo huo, kwa udhamini wa kampuni ya bia. Tumebishana sana kuhusu saa anazopoteza kijana pale mezani. Tumesahau kuuliza nani anachukua fedha zake, na kwa njia gani.

Pool yenyewe si mchezo wa wajinga. Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis, ambaye wanafunzi wa jiografia wanamfahamu kwa habari za pepo na mzunguko wa dunia, alichapisha mwaka 1835 kitabu kizima cha hisabati ya biliadi. Mpira mweupe ukiugonga kwa ubavu mpira wenye uzito sawa, huku ukiteleza bila mzunguko wa mbele wala wa nyuma, mipira hiyo huachana kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Mchezaji hodari anaijua kanuni hiyo hata kama hajasoma fizikia. Anajua pia kwamba kuuingiza mpira shimoni ni nusu tu ya kazi, na kwamba nusu ya pili ni kuuacha mpira mweupe mahali pa kufaa kwa pigo linalofuata.

Michezo makini ya kompyuta imejengwa juu ya kanuni hizo. Mfululizo wa Virtual Pool, ulioanza mwaka 1995, ni mfano mzuri. Katika toleo lake la nne mchezaji hupiga kwa kuisukuma kipanya kama anavyosukuma fimbo, na akipiga vibaya mpira unampa jibu lile lile ambalo meza ingempa. Mkono wake hautazoea uzito wa fimbo, wala hatapata utani wa wenzake waliozunguka meza. Lakini jicho na akili vitajifunza pembe, mzunguko na subira. Isitoshe, ukishaulipia unaweza kucheza peke yako hata usiku kucha bila mtu kukudai tena.

Sasa tuutazame ule wa bure. Michezo mingi ya pool ya simu humpa mchezaji sarafu za kuanzia, na kila pambano huwataka wawili waweke dau, mshindi akachukua zote. Zikiisha, dirisha linafunguka: nunua nyingine. Ipo pia fimbo bora inayouzwa, na fimbo hiyo hurefusha mstari unaokuonyesha mpira utaelekea wapi. Kwa maneno mengine, shabaha inauzwa. Na kwa kuwa sarafu hizo hazigeuzwi kuwa fedha, mchezo unaweza kujitetea kwamba si kamari. Ni kamari ambayo hata ukishinda hupati kitu.

Mwanafunzi wangu alinionyesha orodha ya malipo yake. Hapakuwa na kiasi kikubwa hata kimoja. Kila ununuzi haukuzidi bei ya sahani ya chipsi mayai, lakini orodha ilikuwa ndefu kiasi kwamba nilichoka kuisogeza kwa kidole. Wahenga walisema rahisi ghali.

Wapo watakaosema kwamba hata meza ya mtaani hula sarafu kila mchezo. Ni kweli. Tofauti ni kwamba pale mtaani unaiona shilingi ikiingia, mfuko ukikauka unarudi nyumbani, na anayekushinda anakuona usoni. Huenda hata akakwambia, "Ndugu yangu, inatosha leo." Simu haina aibu hiyo.

Tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya kuisimamia. Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wajiulize: je, dau la sarafu zilizonunuliwa kwa shilingi halali halistahili kutazamwa? Sidai marufuku, kwa maana marufuku tumeziona nyingi na simu zimebaki mikononi. Nadai mambo mawili mepesi: mchezaji aonyeshwe kila mara jumla ya shilingi alizokwisha kutumia, na awepo ukomo wa mwezi ambao mtu hawezi kuuvuka kwa kubonyeza tu. Wanaharakati wa haki za walaji wanayo kazi hapo.

Kwa hiyo, mchezo wa kulipia unafaa kununuliwa? Kwa aliye na kompyuta tayari, anayeupenda mchezo na anayelipa mara moja kwa fedha yake mwenyewe, jibu langu ni ndiyo. Bei iliyoandikwa wazi mlangoni ni heshima kwa mnunuzi. Asiye na kompyuta asikope kwa ajili hiyo. Meza ya mtaani ingalipo.

Kijana nilimwambia aufute ule wa simu mbele yangu, na akaufuta. Kuhusu ule wa kununua nilimwambia: nunua, lakini si mwezi huu. Mwezi huu lipa kodi ya chumba.