Barua ya Wazi kwa COSTECH: Wapeni Nafasi Wanauchumi Wanaohesabu Malisho

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA FUNGU, VITABU NA JUKWAA KWA WANAUCHUMI WENYE MTAZAMO TOFAUTI

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Jorodom, wilayani Hanang. Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 iliipa Tume yako kazi ya kuratibu utafiti na kuishauri serikali. Naomba kazi hiyo iwafikie pia wanauchumi wasiofuata mafundisho yanayotawala vyuoni. Wilaya hii inajua hasara ya kuwakosa.

Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba makubwa ya ngano upande wa Basotu, takriban ekari 100,000. Hesabu za mradi zilijaa tani za ngano na bei za matrekta. Ardhi ikachukuliwa kana kwamba haina mwenyewe, ilhali ilikuwa malisho ya Wabarabaig, waliohamisha mifugo kwa zamu wakifuata mvua, maji na aina ya nyasi. Maeneo yenye malisho bora, wanayoyaita muhajega, ndiyo yaliyotamaniwa na wenye matrekta. Maziwa yanywewayo nyumbani, ng'ombe aliyekopeshwa ndugu, nyanda zilizopumzishwa ili nyasi zirudi: hakuna kati ya hivyo chenye risiti, basi hakikuhesabiwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi.

Hesabu ya kile wafugaji walichopoteza ilikuja kuandikwa baadaye. Mwaka 1990 Charles Lane na Jules Pretty walichapisha London uchambuzi wa madhara ya mradi kwa wafugaji, na mwaka 1996 Lane akatoa kitabu Pastures Lost. Kazi zote mbili ni za Kiingereza, na zilitoka wakati ardhi imekwisha kulimwa.

Nchi hii si ngeni kwa fikra zinazohoji uchumi unaotawala. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1972 kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na Tanzania Publishing House ikashiriki kukichapisha. Mwaka uliofuata Justinian Rweyemamu akahoji viwanda vyetu vinamjenga nani. Walikuwa na wenzao wa kubishana nao, wanafunzi wa kuwasikiliza na mchapishaji karibu. Fikra pinzani hukomaa kwa jumuiya. Mtafiti aliyeachwa peke yake hubadili mada ili apate ufadhili.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, Tume itenge fungu la utafiti wa uchumi wa wafugaji, wakulima wadogo na kazi za nyumbani, na maombi yapimwe na jopo lenye wataalamu wa mitazamo mbalimbali. Pili, watafiti hao wakutanishwe kila mwaka, na mkutano ufanyike wilayani, wazee na kina mama wafugaji wakiwa wachangiaji. Tatu, tafiti zilizofanywa Hanang na Mbulu zitafsiriwe kwa Kiswahili na nakala ziwekwe Katesh na Mbulu mjini.

Miradi mingine itakuja kuomba ardhi huku. Kabla haijapimwa kwa tani, tunataka awepo Mtanzania aliyewezeshwa kuhesabu kile ambacho wenyeji watapoteza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Jorodom, Hanang