Video za Chama Zichezeke Nyumbani

Likizo iliyopita nilibeba mchezo wetu wa kuigiza kwa flashi kutoka hapa Kitale hadi kwetu Bungoma, nyanya auone. Kompyuta yetu ya Pentium 4 ikatoa sauti tu, picha imeganda. Nyanya akauliza, "Kwani mmesimamishwa na mwalimu?"

Kompyuta haina kosa. Faili ilikuwa ya H.265, muundo wa mwaka 2013 unaobana picha sana, na kuifungua kwataka nguvu ambazo mashine kuukuu haina. Maoni yangu: chama kitoe nakala nyingine ya MPEG-2, muundo wa DVD. Itakula nafasi, ndiyo, lakini flashi kubwa ni rahisi kuliko kompyuta mpya. Wenye simu za kisasa wabaki na yao. Nyanya ashaniuliza mara mbili.