Posho Hainunui Fikra za Mtu

Fungua tasnifu ya uzamivu iliyojengwa juu ya utafiti wa uwandani. Kwenye ikirari, mtahiniwa anatamka kwamba kazi hii ni yake mwenyewe. Kwenye shukurani anamtaja Mungu, msimamizi, mwenzi wake na watoto waliovumilia upweke. Kisha inakuja ile sentensi ambayo kila aliyepita chuo kikuu anaijua: anawashukuru wote waliomsaidia kwa namna moja au nyingine, ambao hawezi kuwataja mmoja mmoja. Humo ndimo wanamozikwa wasaidizi wa utafiti.

Ukihoji, unajibiwa kwamba walilipwa posho zao, wakasaini, yakaisha. Imani hii imekita mizizi vyuoni kiasi kwamba anayeipinga huonekana hajui taratibu. Mimi naipinga. Posho ni malipo ya siku za mtu: jua, vumbi, nauli na chakula cha mchana. Hailipii fikra zake, wala haimpi mwingine haki ya kuziandika kama zake.

Na fikra zipo. Chukua mfano wa mtahiniwa anayechunguza jinsi wanawake wa kijijini wanavyoamua matumizi ya fedha za mavuno. Ametoka mjini, lugha ya pale haijui, amekuja na hojaji na barua kutoka wilayani. Msaidizi wake, binti wa kijiji cha jirani aliyemaliza kidato cha sita, ndiye anayemwambia kwamba mbele ya mkwe hakuna mwanamke atakayelijibu swali la saba. Kwamba wawafuate shambani asubuhi badala ya kubisha hodi jioni. Kwamba "ndiyo" ya mama yule ilikuwa ya adabu tu, isihesabiwe kuwa jibu. Usiku anasikiliza rekodi, ananukuu, anatafsiri. Kisha sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, inaandikwa: mtafiti aliwasaili wanawake kadhaa. Sentensi hiyo si ya kweli. Na anayedanganywa kwanza ni msomaji, maana hawezi kupima uzito wa data bila kujua ilipita mikononi mwa nani.

Tumeishi na jambo hili zaidi ya karne. Mwaka 1903 kilichapwa Ujerumani kitabu Desturi za Wasuaheli, jaladani likiwa jina la Carl Velten. Sehemu kubwa ya maelezo yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi kutoka Bagamoyo aliyekuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Velten alimtaja ndani, jalada halikumtaja. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro katika anwani ya kitabu, na wakati huo mwenyewe alikuwa marehemu kwa zaidi ya nusu karne. Mtoro alikuwa na mshahara. Je, mshahara wa mwalimu wa lugha ndio ulionunua ujuzi wake wa jando, ndoa na mazishi ya watu wake? Kwa mantiki ya posho, ndiyo.

Mfano mwema nao upo, tena hapa hapa Tanzania. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari alipoona mchanganyiko wa aiskrimu uliotiwa kwenye friza ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipoulizwa swali hilo na kijana huyu huko Iringa, angeweza kwenda kulijaribu na kuandika peke yake, na ni wachache ambao wangemlaumu. Mwaka 1969 makala ilitoka kwa majina mawili, la Mpemba likitangulia. Heshima ya Osborne haikupungua hata chembe. Lakini hata humo, fundi kijana wa maabara aliyelijaribu jambo hilo Dar es Salaam hatajwi kwa jina, na hilo linaniuma.

Wapo wasemao tasnifu ni mtihani wa mtu mmoja, hivyo kutaja wengine kunaidhoofisha shahada. Mtihani hupima kama mtahiniwa anaweza kuunda swali, kuongoza uchunguzi na kutetea hoja mbele ya watahini. Hayo hubaki yake hata akisema wazi nani alitafsiri. Wengine hukimbilia usiri. Usiri ni ngao ya mhojiwa aliyesimulia habari za ndoa au ugonjwa wake. Msaidizi si mhojiwa, na kama ana sababu ya kuficha jina, aulizwe mwenyewe.

Sidai shukurani zenye maneno matamu zaidi. Nadai sura ya mbinu za utafiti iseme nani alikusanya data wapi, nani alitafsiri hojaji, nani alinukuu rekodi, nani alibadili mpango wa usaili na kwa nini, kwa majina na kwa ridhaa yao. Makala ikizaliwa baadaye kutokana na tasnifu hiyo, mchango wa kila mmoja upimwe kabla ya kupanga majina ya waandishi, na msaidizi apewe barua inayoeleza alichofanya, aionyeshe anapoomba nafasi ya kusoma shahada yake. Msimamizi anayerudisha rasimu kwa sababu ya upana wa pambizo na nukta za marejeo anaweza pia kuirudisha kwa sababu sura ya tatu haiwataji watu walioifanya kazi.