Ukuta wa mgodi hupinda mbele ya kuanguka. Kolwezi, nani anaupima?

Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, ardhi iliporomoka katika mgodi wa KOV hapa Kolwezi, wachimbaji wa mikono zaidi ya 40 wakafa. Mwezi wa tatu 2016, ukuta wa shimo hilohilo ulikuwa umeanguka na kuua wafanyakazi 7. Wale wa 2016 walikuwa kazini. Wale wa 2019 waliingia bila ruhusa. Udongo haukuuliza nani ana karatasi.

Kila mara tunaambiwa ni ajali. Lakini mara nyingi ukuta wa mgodi hauanguki bila kutoa dalili. Unaanza kupinda, milimita kidogo kidogo, siku au hata majuma kabla. Na kupinda huko kunapimika.

Chombo chenyewe tunakijua: ni fibra optiki, uzi wa kioo unaotuletea intaneti, mwembamba karibu kama unywele. Chukua kijiti kibichi ukikunje: ngozi ya upande wa nje inavutika, ya ndani inajibana. Wahandisi hufunga nyuzi hizo pande mbalimbali za fimbo ndefu, kisha huizamisha katika tundu lililotobolewa ukutani, mpaka kwenye mwamba mgumu. Wanatuma mwanga. Pale uzi ulipovutika au kujibana, mwanga unaorudi unabadilika rangi kidogo sana. Tofauti kati ya pande hizo inaonyesha fimbo imepinda kiasi gani, na kwa kina gani. Joto likipanda, pande zote hubadilika sawasawa, kwa hiyo halidanganyi hesabu. Ndani ya tundu hakuna umeme, na kwetu kwenye radi nyingi hilo si jambo dogo.

Migodi mikubwa duniani hutumia rada kuangalia ukuta. Ni vizuri, lakini rada huona uso tu. Fibra huonyesha kinachoendelea ndani. Inafaa pia kwa mabwawa ya taka za migodi. Mwezi wa pili 2025, jirani zetu wa Chambishi, Zambia, waliona bwawa likipasuka na asidi kuingia mpaka mto Kafue.

Mimi naomba mambo mawili. La kwanza, serikali ya jimbo ilazimishe kila kampuni yenye shimo kubwa au bwawa la taka kupima kupinda kwa ndani, usiku na mchana. Gharama hiyo isikatwe kwenye asilimia 0.3 ya mauzo ambayo sheria ya madini ya 2018 inataka itolewe kwa maendeleo ya jamii. Usalama si zawadi kwa wakaaji. Ni deni la yule anayechimba.

La pili, namba hizo zisilale ofisini mwa kampuni. Zikipita mpaka, ofisi ya migodi, SAEMAPE na wakuu wa mitaa wajue saa hiyohiyo, na king'ora kilie mpaka watu wa karibu wasikie. Kipimo anachokisoma tajiri peke yake hakimwokoi maskini.

Mtu ataniuliza: na mashimo ya wachimbaji wa mikono? Kweli, huwezi kufunga fibra kila shimo. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, kule Kalando, watu wasiopungua 32 walikufa daraja lilipovunjika. Serikali ya jimbo ilisema ilikuwa imekataza watu kuingia pale kwa sababu ya mvua. Onyo lilikuwepo, lakini anayetafuta chakula cha watoto hawezi kulisikiliza kama hana pengine pa kuchimba kwa halali. Maeneo hayo lazima yatolewe, yawe na madini kweli.

Shaba na kobalti yetu hupimwa mpaka gramu ya mwisho kabla lori halijavuka Kasumbalesa. Ukuta unaosimama juu ya vichwa vya watu nao upimwe hivyohivyo.